Maji ya Ziwa Hayakuwaua: Kisa cha Tangi la Mwanga, Kigoma

Tangi lenyewe lilikuwa zuri. Nalisema hili mapema kwa sababu samaki walipoanza kufa kila aliyepita sebuleni alilitupia lawama. Kioo cha milimita 10, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50, limeungwa kwa silikoni na fundi vioo wa hapo hapo mjini, halivuji hata tone. Ukiliacha na nafasi kidogo juu, linachukua maji kama lita 250. Lilikaa juu ya meza ya chuma, mbali na dirisha, kwenye nyumba moja ya Mwanga. Mwenye nyumba, mama anayeuza vitenge, alitaka jambo moja tu: wageni wake waone samaki wa Kigoma ambao si mgebuka wala dagaa.

Samaki hao wapo, tena karibu. Wengi wetu tunaoishi kando ya Tanganyika tunawajua samaki wa ziwa hili kwa sufuria: dagaa, mgebuka, sangala, kuhe, ngege. Wale wa rangi, wanaokaa kwenye mawe mita chache kutoka ufukweni, wanajulikana na watoto wanaoogelea na vijana wanaozamia kuwakamata ili wauzwe nje. Ziwa lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, jamii ya hao samaki wa rangi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Mjerumani anaweza kuweka akiba miezi kadhaa apate kundi la Tropheus, mmoja wa sikilidi hao, wa mwambao wa Kigoma. Mtu wa Kigoma mwenye kundi kama hilo nyumbani ni nadra kumkuta, na hilo limekuwa likinishangaza siku zote.

Mama huyu alinunua samaki 12 kutoka kwa kijana mzamiaji: Tropheus duboisi wanane na brichardi wanne. Duboisi wadogo ni weusi wenye madoa meupe mwili mzima; wakikua madoa hupotea, kichwa hugeuka bluu na kiunoni hutokea mkanda mweupe au wa njano, kutegemea mahali walikotoka. Brichardi, jina la kitaalamu Neolamprologus brichardi, ana rangi ya maziwa yenye kahawia kidogo, mapezi marefu yenye kingo nyeupe, na mkia wenye ncha mbili ndefu. Uchaguzi huo ungempendeza yeyote. Kwa tangi jipya, nusu yake ilikuwa kosa.

Mtiririko wa mambo nilisimuliwa na mwanawe wa kidato cha tatu, ambaye kumbukumbu yake ilikuwa nzuri kuliko ya mama.

Tangi lilijazwa kwa madumu ya maji ya ziwa kutoka ufukwe wa Kibirizi. Kesho yake samaki wakaingia. Chujio halikuwepo, palikuwa na pampu ya hewa iliyotoa mapovu, na mchanga chini. Chakula kilikuwa dagaa wakavu waliosagwa, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu samaki walikuja mbio kila walipoona mkono na mama alichukulia kuwa wana njaa. Ndani ya wiki moja samaki walianza kupanda juu na kuhema kwa nguvu. Duboisi wawili wakafa.

Jirani akasema maji ya Kibirizi ni machafu, yana mafuta ya boti. Mvua zilikuwa zimeanza na tangi la paa limejaa. Mama akaanza kutoa maji ya ziwa na kuongeza ya mvua, ndoo tano leo, ndoo sita keshokutwa, hadi sehemu kubwa ya maji ikawa ya mvua. Samaki wakaacha kuhema. Wakarudi kula. Wiki tatu zikapita hivyo, zote tulivu, na nyumba nzima ikaamini kwamba maji ya ziwa ndiyo yaliyokuwa na shida.

Kisha yule kijana mzamiaji akapita kuwaona samaki wake. Akaonja maji kwa kidole, akatikisa kichwa. “Rudisha maji yao, mama. Hawa si samaki wa mvua.” Akajitolea mwenyewe kuleta madumu, safari hii si kutoka Kibirizi bali upande wa Bangwe kwenye maji meupe. Jumamosi jioni wakatoa theluthi mbili ya maji ya tangi na kujaza ya ziwa. Jumapili asubuhi duboisi wanne na brichardi mmoja walikuwa wamekufa, na waliobaki wote wako juu wakihema.

Nilipofika, hukumu ilikuwa imeshatolewa. “Mwanangu, wewe ona mwenyewe,” mama aliniambia. “Maji ya ziwa mara ya kwanza, wamekufa. Maji ya mvua, wamepona. Maji ya ziwa mara ya pili, wamekufa. Kuna nini cha kupima hapo?”

Ushahidi wa mama ulikuwa mzuri sana, na yeyote asiye na vitone vya kupimia maji angefika alikofika yeye. Mambo mawili yalinisaidia nisiishie hapo. La kwanza, mama si mtu wa kumwaga kitu: alikuwa ametunza dumu moja la maji aliyoyatoa Jumamosi, ayamwagilie maua. La pili, mtoto alikuwa amekamata visamaki vitatu siku hiyo hiyo ya Bangwe na kuviweka kwenye ndoo ya maji yale yale yaliyoingia tangini. Jumapili asubuhi vilikuwa vizima, vinazunguka ndoo kama kawaida. Kwa hiyo mafuta, sumu ya Bangwe, au maneno yoyote kuhusu maji yaliyoletwa Jumamosi, yaliondoka mezani kabla sijafungua kisanduku cha vipimo.

Nikapima amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, na pH, kipimo cha ukali wa maji ambapo 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni maji ya magadi. Dumu la maji ya zamani: pH 7.4, amonia kwenye rangi ya mwisho kabisa ya kadi, yaani miligramu 8 kwa lita. Tangi asubuhi ile: pH 8.8, amonia kama 3. Ndoo ya visamaki: pH 9, amonia hakuna.

Mtoto aliona jambo ambalo wengi hulipita. “Anko, mbona amonia imepungua halafu ndiyo wamekufa?”

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, mchana na usiku, na chakula kinachooza huitoa pia. Ndani ya maji, amonia hukaa katika hali mbili. Moja ni amonia huru, ambayo hupenya matamvua na kuyaunguza. Nyingine ni amoniamu, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Kinachoamua ni kiasi gani kiwe huku na kiasi gani kiwe kule ni pH, na joto kwa mbali. Kwa maji ya nyuzi 25, kwenye pH 7 amonia huru haifiki hata asilimia 1 ya yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inavuka asilimia 35. Vitone vya kawaida hupima zote mbili kwa pamoja, na kadi haikwambii ipi ni ipi. Hesabu hiyo unaifanya mwenyewe.

Tuifanye basi. Dumu la zamani lilikuwa na miligramu 8, lakini kwa pH 7.4 amonia huru ilikuwa kama 0.1 tu. Tangi baada ya kubadilishwa lilikuwa na 3, na kwa pH 8.8 amonia huru ilifika karibu 0.8. Uchafu ulipungua kwa zaidi ya nusu. Makali yake yakaongezeka mara saba au nane, ndani ya saa moja ya kumimina madumu. Tropheus si samaki wa kustahimili hilo usiku kucha. Kupandishiwa chumvi na pH kwa ghafla namna ile nako kulichangia kuwachosha, lakini visamaki vya kwenye ndoo na kipimo cha amonia vinaelekeza upande mmoja.

Ukirudi nyuma na hesabu hiyo, kisa chote kinajipanga. Wiki ya kwanza: maji ya ziwa yenye pH karibu 9, hakuna bakteria wa kula amonia, dagaa mara tatu kwa siku. Hata amonia kidogo pale ni kali. Wiki za mvua: maji ya mvua hayana madini, kwa hiyo yalipunguza amonia kwa kuichanganya na pia yakashusha pH, na amonia iliyobaki ikalala katika hali ya amoniamu. Samaki wakapata nafuu ya kweli, mama hakuwa anaota. Lakini chini ya utulivu huo uchafu uliendelea kujazana. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo samaki huivumilia zaidi, wanahitaji madini ya karboneti katika maji ili wafanye kazi, na maji ya mvua huwanyima hiyo. Kwa hiyo kilichowapa samaki ahueni ndicho kilichozuia tangi lisikomae. Wiki tatu zile zilikuwa deni, na Jumamosi jioni mzamiaji aliingia akalidai lote kwa mkupuo bila kujua.

Nampa haki yake yule kijana: alichosema kuhusu samaki kilikuwa sahihi. Tanganyika ni ziwa la urefu wa kilomita 673 na kina cha hadi mita 1,470, na maji yake ya juu hukaa kati ya nyuzi 24 na 28 na pH inayozunguka 9, mwaka nenda mwaka rudi. Samaki wake wamejengwa ndani ya maji hayo na hayo hayo wanayataka. Alichokosa ni kujua kilichokuwa kimelala tangini kabla hajamimina.

Sasa kilikuja kipengele kigumu cha siku ile, nacho hakikuwa cha kemia. Samaki watano waliobaki walikuwa wanahema juu, na dawa ya haraka niliyoiona ilikuwa kuongeza maji ya ziwa zaidi. Mama alinitazama kama mtu aliyemleta mwizi kulinda duka. Kumrudishia maji ya mvua kungewatuliza samaki kwa wiki nyingine, na deni lingebaki pale pale. Kubadilisha theluthi mbili tena, kwa maji yasiyo na amonia, kungeishusha kutoka 3 hadi 1. Mara nyingine tena, hadi 0.3 hivi. pH tayari ilikuwa juu, haikuwa na pa kupanda sana, kwa hiyo kila ndoo iliyotoka ilikuwa nafuu tupu. Nilimwonyesha visamaki vya kwenye ndoo. “Hawa wamelala kwenye maji hayo hayo, mama.” Akakaa kimya kidogo, kisha akamwita mwanawe alete mpira wa kunyonyea.

Chakula kikasimamishwa siku kadhaa. Samaki mwenye afya hafi kwa kufunga siku tano, ingawa kila mwenye tangi huamini wa kwake atakufa. Mchanga ukanyonywa, chini yake kulikuwa na tope la dagaa lililooza, jeusi, lenye harufu ya yai viza. Tukatengeneza chujio kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, sponji, changarawe na mpira wa pampu ya hewa. Hakuna kitu cha ajabu humo. Sponji huwapa bakteria mahali pa kukaa na mapovu huyavuta maji yapite kwao. Wanahitaji wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha, na kipindi hicho ndicho kinachotakiwa kupita kabla ya kununua samaki. Mawe kadhaa kutoka ziwani yenye utelezi wa kijani yaliletwa yakiwa bado na majimaji, kwa kuwa bakteria hao wako juu yake tayari.

Kuhusu madumu, hapa Kigoma mjini watu hujitesa bure. Maji ya bomba nayo husukumwa kutoka ziwani. Ni maji yale yale, pamoja na klorini, na klorini hutoka ukiyaacha usiku kucha kwenye ndoo zilizo wazi, haraka zaidi ukiyapulizia hewa. Dobi wa mtaani angekwambia hivyo hivyo kuhusu harufu yake. Ndugu zetu wa Tabora hawana bahati hiyo: maji yao yanatoka Ziwa Victoria na bwawa la Igombe, mepesi kuliko ya Tanganyika, na wao wakitaka kufuga sikilidi wa huku inawabidi waongeze madini.

Brichardi watatu walipona. Duboisi wawili pia walivuka wiki ile, amonia ikafika sifuri kwenye kadi, na kila mtu akapumua. Kisha mmoja wao akaanza kuvimba tumbo na kutoa kinyesi cheupe kama uzi, akaacha kula, akafa. Nyumbani wakarudi kwenye maneno ya zamani: maji hayo. Kifo hicho hakikuwa cha maji, na kukichanganya na vile vya Jumapili ni kupoteza somo lake.

Tropheus ni mlaji wa mwani. Ziwani hushinda kwenye mawe ya maji ya kina kifupi akikwangua utelezi wa kijani, saa baada ya saa, na utumbo wake ni mrefu wa kushughulikia majani. Jina la Tropheus moorii, lililotolewa na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1898, linamkumbuka Moore, Mwingereza aliyefika Tanganyika miaka ya 1890 kukusanya viumbe wa ziwa hili. Duboisi aliandikwa baadaye, mwaka 1959. Tangu samaki hawa waanze kufugwa Ulaya, ugonjwa wa kuvimba tumbo ndio umekuwa ukiwamaliza, na chakula kizito cha nyama pamoja na msongo ndivyo huufungulia mlango. Duboisi wetu alipata vyote viwili. Dagaa wa unga kwa wiki nne nzima na zaidi, halafu kuishi wawili tu. Tropheus ni mkorofi kwa wenzake. Wakiwa 12 au 15, ugomvi hugawanyika na hakuna anayeonewa peke yake. Wakiwa wawili, mmoja ni bwana na mwingine hana pa kukimbilia. Aliyekufa alikuwa na mapezi yaliyochanika na alikuwa amejibanza kona ya juu kwa siku nyingi. Tumbo lilikuja baadaye.

Duboisi wa mwisho tulimhamishia kwa mtu mwenye kundi lake. Mtoto alitaka amrudishe ziwani, na wazo lilikuwa la upendo, lakini nilimkataza. Samaki aliyekaa na mgonjwa hupeleka ugonjwa. Tena Tropheus wa eneo moja la mawe hana rangi moja na wa eneo la pili, kwa sababu hawavuki mchanga wala maji ya kina, na kila kundi limezaliana lenyewe kwa lenyewe. Ukimwachia popote ufukweni unaharibu kilichojitengeneza kwa muda mrefu mno. Na kwa wanaowaza kwenda kukamata wenyewe ili wauze: biashara ya samaki wa mapambo ina leseni yake chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, kwa hiyo anza kwa afisa uvuvi. Maji ya Hifadhi ya Mahale usiyaguse kabisa.

Uamuzi wangu ulikuwa kwamba tangi lile ni la brichardi, na bado nauona ni sahihi. Ni wagumu, wanakula karibu kila kitu kidogo kidogo, na wana tabia ambayo duboisi hana. Jike na dume walijitenga kwenye pango la mawe, yule wa tatu akafukuzwa ikabidi atolewe, na baada ya muda vifaranga vikaonekana. Vifaranga hivyo havikuondoka. Kizazi cha pili kilipoanguliwa, wakubwa wa kizazi cha kwanza walisimama mlangoni kuwalinda wadogo zao, wakatoa mchanga pangoni kwa midomo, wakamfukuza hata mkono wangu. Brichardi anajulikana kwa wanasayansi kwa ajili ya malezi hayo hasa. Mama, ambaye mwanzo alilalamika kwamba hawana rangi kama duboisi, siku hizi huwaonyesha wageni pango kabla hajawakaribisha kiti.

Mtoto anataka frontosa, sikilidi mwingine wa ziwa hili. Namwelewa. Frontosa wa Kigoma ana mistari saba ya giza, wa sehemu nyingine nyingi wana sita, na nundu la kichwani humfanya aonekane mzee mwenye mawazo. Lakini hukua hadi sentimita 30 na zaidi, na kwa tangi la lita 250 jibu ni hapana, hata akiwa mdogo kiasi gani sokoni. Tena vifaranga vyote vya brichardi vingekuwa chakula chake.

Utaratibu wao wa sasa ni mwepesi. Chakula mara moja kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, na Ijumaa hakuna. Sponji hukamuliwa ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kamwe si bombani, kwa kuwa klorini ingewaua bakteria. Jumamosi robo ya maji hutoka na ya bomba yaliyolala wazi huingia. Kabla ya kumimina hupima amonia, na kadi ikionyesha rangi yoyote isiyo ya njano huahirisha chakula kwanza na kutafuta kilichooza. Naitreti ikivuka miligramu 20 kwa lita hubadilisha maji hata kama Jumamosi haijafika.